Picha ya Waya Bila Viatu

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa jiografia Migori, mwenye digrii moja na kiburi cha kuwatosha walimu watatu. Chumba chetu cha walimu kilikuwa kikipokea jarida moja kutoka Nairobi, la wapanda milima na watu waishio milimani. Karatasi zake zilimeremeta. Ndani mlikuwa na theluji, kamba, na vijana wenye meno mazuri. Nilitamani jina langu litokee humo kuliko nilivyotamani kupandishwa cheo.

Basi nikaandika kuhusu shangazi yangu, Waya, kama tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo. Kila Ijumaa yeye na akina mama wa kanisa lake, wakiwa wamefunga, walipanda kilima kilichochongoka nyuma ya mji wa Homa Bay kwenda kusali. Alikuwa amepita miaka sitini. Nikamwambia mhariri kwamba huo nao ni upandaji mlima.

Mhariri alikubali. Alitaka tu picha ya Waya akiwa amevaa viatu vya kupandia mlima, maana wasomaji, na wauza viatu waliotangaza humo, wasingependa kuona miguu mitupu.

Nilipaswa kukataa siku hiyohiyo. Badala yake nilikwenda kwenye mitumba nikachagua jozi nzito ya kahawia, nikaazima kamera, nikaenda Homa Bay.

Chini ya kilima akina mama walikuwa wakivua ndala. Kwao kilima chote ni ndani ya kanisa. Hakuna anayepanda na viatu. Nililijua hilo tangu utotoni. Nikaitoa ile jozi kwenye mfuko hata hivyo.

“Hii viatu ni ya nani?” Waya akauliza.

“Yako, Waya. Ya picha tu. Ukishapigwa, unatoa.”

“Na Mungu pia utamwambia ni ya picha tu?”

Akina mama wakacheka. Mmoja akasema, “Mwalimu, hao watu wako wa Nairobi wanapanda na miguu ama na viatu?”

“Na viatu, mama.”

“Basi waandike habari ya viatu. Wewe toa yako, twende.”

Nikavua. Kokoto zilichoma, na wanawake ambao hawakuwa wamekula tangu jana yake waliniacha nikitambaa kwa mikono na magoti, mimi niliyefundisha milima kwa chaki. Karibu na kilele Waya aligeuka, akaniona, akacheka mdomo wazi. Hapo nikampiga picha, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vidole vyenye vumbi.

Nilipomtumia picha hiyo, mhariri alijibu kwa upole: angeichapa, ila angeikata magotini. Jina langu lingetokea kwa herufi nene. Nakiri niliibeba barua hiyo mfukoni wiki nzima. Kisha nikamwandikia kwamba miguu anayotaka kuikata ndiyo iliyopanda, na kwamba achape picha nzima au anirudishie kila kitu.

Alirudisha kila kitu. Makala ningali nayo. Picha nilimpelekea Waya, akaiangalia kwa muda mrefu.

“Mbona umenipiga nimefungua mdomo hivi?”

Akaitundika sebuleni hata hivyo, mahali ambapo hakuna mgeni ambaye angekosa kuiona.