Tela la Mjomba Hashimu

Klachi ikiungua hutoa harufu ya pembe iliyochomwa, na kwangu mimi harufu hiyo haitengani na ya mabibo yanayooza chini ya mikorosho ya kijijini kwetu Ziwani. Msimu huo nilikuwa na miaka kumi. Mikorosho ilizaa kupita kiasi, uchachu ulijaa hadi vyumbani, vidole vyetu vilibabuka kwa utomvu, na Mjomba Hashimu, mdogo wake mama, alikuwa amerudi kutoka kwenye kazi za bomba la gesi na pikapu ndogo ya petroli na maringo ya mtu aliyenunua meli. Kofia yake ngumu ya kazini aliivaa hata kwenda msikitini. Aliivua mlangoni, shingo upande. Kule kazini alikuwa akifungua na kufunga geti. Kijijini walimwita injinia, naye hakumsahihisha mtu.

Magunia ya korosho yalitakiwa yafike ghala la chama cha ushirika, mjini, kabla mvua haijaharibu njia, na lori tulilolizoea lilikuwa bovu. Mjomba akaazima tela la trekta, chuma kitupu lisilo na breki hata moja, kisha akatafuta mchomeleaji wa kumwekea ndoano kwenye bampa ya nyuma. Bampa yenyewe ilikuwa bati ambalo hata mimi niliwahi kulibonyeza kwa kulikalia. Mnyororo wa kushikilia tela endapo ndoano ingeachia hakuutafuta. Alisema ni mambo ya waoga. Wanaume wakapakia tela mpaka pikapu ikakalia matako na kuinua pua, matairi ya mbele yakigusa ardhi kwa adabu tu.

"Hashimu, punguza," mama akasema. "Nenda hata mara mbili."

"Dada, wewe kapike. Mashine tuachie wenyewe."

Wanaume wakacheka. Sijakisahau kicheko kile. Kilikuwa cha watu wasiojua chochote na wanaojisikia salama kwa sababu wako wengi.

Magunia ya juu yalikuwa ya Mzee Likwata, jirani yetu aliyevuka Ruvuma akiwa kijana kutoka Msumbiji, na ambaye pale kijijini hakuwa na ndugu hata mmoja. Alitaka kufuata kwa baiskeli. Mjomba akamwamuru apande juu ya tela, eti uzito wake ungetuliza mzigo. Mzee akapanda, kama alivyozoea kufanya kila alipoamriwa. Mimi na mama tukakaa mbele na mjomba, na kwenye njia tambarare injini ikalia kama mbuzi anayeburutwa, klachi ikinuka. Mjomba akaongeza sauti ya redio.

Kisha ukaja mteremko unaoshukia kwenye bonde la mpunga. Mpaka hapo sisi ndio tuliokuwa tukilivuta tela. Sasa likaanza kutusukuma. Mjomba akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kwenda upande. Mama akanibana kifuani. Tukasikia bati likichanika, gari likawa jepesi ghafla, na dirishani kwangu nikaliona tela likitupita. Lilitupita kabisa, peke yake, na juu yake Mzee Likwata amekumbatia gunia kwa mikono miwili, mdomo wazi, hatoi sauti. Liliingia mtaroni na kupinduka. Tulipomfikia, mguu wake ulikuwa umeelekea kusikostahili. Mjomba alikwenda kwanza kuangalia bampa.

Kesho yake watu wazima walikaa uani kwetu. Mjomba, kofia kichwani, akaeleza kwamba mzee aliogopa, akajitikisa, mzigo ukayumba. "Hata Zuhura aliona," akasema, akinitazama. "Au siyo, mwanangu?"

"Hakujitikisa," nikasema. "Alikaa tu. Wewe ndiye uliyemwambia apande. Bampa ndiyo iliyochanika."

Nilimtazama mama, alikuwa akitazama ukili aliokuwa akisuka. Babu akasema mtoto haingilii maneno ya wakubwa, nikachote maji. Niliporudi na ndoo walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba ni mipango ya Mungu, wakamwachia Mungu lawama ya bampa. Mzee Likwata hakurudi tena shambani. Alitembelea magongo mpaka alipofariki, na walewale waliomcheka mama ndio waliobeba jeneza lake kwa huzuni nyingi.

Siku hizi mimi ni mwalimu mjini Mtwara. Nina watoto, wana wa kaka zangu wananiamkia, na nikizungumza kwenye kikao watu huacha simu zao wakasikiliza. Mjomba ana mvi na anaheshimika. Mwaka jana, kwenye arusi moja Mtawanya, alisimulia mkasa ule mbele ya jamvi zima: jinsi breki zilivyokufa, jinsi alivyoliokoa gari kwa ustadi, na jinsi mzee mmoja wa Msumbiji alivyojirusha kwa woga. Watu wakacheka. Akanigeukia, "Zuhura alikuwepo, muulizeni." Wote wakanitazama, wakiwa tayari kuniamini. Kinywa changu kilikuwa kimejaa pilau. Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kula.