Kanuni ya Kutogusa Chumvi

Katika mashamba ya chumvi kaskazini mwa Bagamoyo, tulikatazwa kugusa lundo bila amri ya nyapara. Siku moja mvua ilinyesha naye yuko mjini. Tukasimama tukiitazama chumvi ya wiki nzima ikiyeyuka.

Kesho yake meneja mpya, akifuatana na nyapara, hakuuliza nani mzembe. Aliuliza, "Kanuni gani iliwazuia?"

Tulikuwa tumechoka, na kila mmoja aliogopa kufukuzwa. Mwishowe mjane mmoja akasema, "Ndugu meneja, ukigusa bila ruhusa, kazi huna."

"Haya, bi mkubwa, kesho ushinde kwako," nyapara alimkejeli.

"Kesho aje," meneja alisema. "Kanuni ndiyo isije."

Mvua iliyofuata, mjane yule alikuwa wa kwanza kuchota chumvi kuipeleka ghalani. Tukamfuata, nyapara naye akabeba kapu. Migongo ilituuma vilevile.