Treni ya Saa Sita na Nusu

Wazo la kusafiri halikuwa langu. Lilitoka kwa jirani yangu wa mtaa wa Wabera, mama wa Kisomali ambaye amekuwa akiniuzia maziwa ya ngamia tangu nihamishwe kutoka Meru kuja kufanya kazi katika ofisi ya maji hapa Isiolo. Kila asubuhi hupokea maziwa ya wafugaji, huyanusa, huyaonja, huyamimina kwenye mitungi ya manjano, kisha huyapandisha basi la Nairobi. Asubuhi moja basi lilipoondoka alibaki amesimama akilitazama, halafu akanigeukia.

"Abaayo," akasema, yaani dada, ndivyo anavyoniita, "maziwa yangu inafika Nairobi kila siku. Mimi mwenyewe nimefika mara mbili tu, na zote mbili nilikuwa naenda hospitali."

Nilimwuliza angependa kwenda wapi. Nilidhani atataja Mombasa. Badala yake alitoa simu akanionyesha video ya treni ya umeme ya Tanzania. Ndani yake mtu alikuwa ameweka kikombe cha chai mezani, na treni inaenda mbio, na chai imetulia tu. Mtu aliyezoea kupanda lori la kwenda Garbatulla, kwenye barabara ya mashimo, hawezi kuona jambo kama hilo akanyamaza.

"Hii," akasema. "Twende tupande hii."

Hakuna kati yetu aliyewahi kutoka nje ya nchi. Lakini mimi nilikuwa na siku nyingi za likizo ambazo sijazitumia, na binti yake alikubali kushika biashara ya maziwa mpaka turudi. Tukatafuta pasipoti. Zilipotoka, nikamwambia aniachie mimi mipango.

Niliichora nyuma ya ramani kuukuu ya visima iliyokuwa inatupwa ofisini. Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, halafu kurudi Dar, yote kwa treni. Nyumba za wageni kwa kalamu ya kijani, treni kwa nyekundu, mabasi kwa buluu. Tiketi za treni nilinunua kwa simu wakati wa chakula cha mchana, na vyumba nikaulizia mwenyewe, mji baada ya mji. Sijawahi kutengeneza kitu kilichonyooka hivyo. Tungepanda basi la jioni Nairobi, tufike Dar saa tatu asubuhi, tunawe uso, tule, tupande treni ya saa sita na nusu, na saa nane na robo tuwe Morogoro.

Wiki tatu kabla ya safari, Jumapili nikitoka kanisani, nilimpelekea ile karatasi. Yeye hasomi sana, kwa hivyo nilimsomea kwa sauti. Alisikiliza amefumba macho, vile anavyofanya akionja maziwa.

"Saa sita na nusu adhuhuri inaingia," akasema. "Nitaswali stesheni ama ndani ya treni?"

"Utaswali Morogoro. Tutafika saa nane na robo, wakati utakuwa bado upo."

"Na siku ya kurudi?"

Sikukumbuka, na sehemu hiyo ya karatasi ilikuwa upande wake. Nikafungua simu nimsomee tiketi yenyewe. Dodoma kwenda Dar, 17:10. Nilianza kutamka "saa kumi na saba" ulimi ukakwama. Saa kumi na saba haipo. Hiyo ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na ndivyo nilivyoiandika. Kisha nikarudi kwenye tiketi ya kwanza. 06:30. Imeuzwa na watu walewale, kwa mtindo uleule wa saa. Haikuwa saa sita na nusu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ambapo basi letu litakuwa halijafika hata Chalinze.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Nimeacha sufuria kwa jiko."

Jiko langu lilikuwa baridi tangu asubuhi. Nilikunja karatasi nikaenda.

Nimejiuliza mara nyingi mtu mzima aliyesoma anakoseaje hivyo. Nadhani ni kwa sababu nina saa mbili kichwani. Ofisini nahesabu kwa saa ya Kiingereza, na nikifika nyumbani nahesabu kwa Kiswahili. Tarakimu nilizinakili ofisini, mpango nikauchora nyumbani, nikijisemesha mwenyewe. Ile ya kurudi ilinusurika kwa sababu kumi na saba inamshtua mtu. Sita haimshtui yeyote.

Siku mbili zilizofuata nilijaribu kurekebisha mambo kimyakimya. Niliwapigia wauza tiketi. Akapokea kijana mpole, mwenye Kiswahili cha kunitia haya.

"Pole sana mama. Treni ya mchana siku hiyo imejaa. Labda nikuangalizie ya siku inayofuata?"

Siku inayofuata ilimaanisha kusogeza chumba cha Morogoro, na Morogoro ikisogea, treni ya Dodoma nayo inatupita. Kila nilipovuta uzi mmoja, karatasi nzima ilivutika. Nikamshukuru nikakata simu. Zaidi ya yote niliogopa kumwambia mwenzangu. Alikuwa ameshawatangazia wateja wake wote, na alikuwa ameniamini mimi kwa sababu eti ndiye ninayejua kusoma. Siku mbili sikupita pale anapouza. Nilikunywa chai ya rangi, nayo sikuipenda.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe mlangoni, chupa ya maziwa mkononi.

"Habari ya mgonjwa?"

"Mimi si mgonjwa."

"Mtu hakuja kuchukua maziwa siku mbili. Ni mgonjwa ama amekasirika. Chagua."

Nilimkaribisha, nikamweleza kila kitu, macho yangu yakiwa sakafuni. Nilimwonyesha na tiketi yenyewe, ingawa haikuwa na maana. Nilikuwa tayari anigombeze.

"Basi la kutoka Nairobi umenunua?"

"Bado. Hilo hununuliwa wiki yenyewe."

"Sasa si tuondoke siku moja mapema? Tulale Dar, asubuhi tupande."

Nilimtazama. Nilikuwa nimejaribu kusogeza treni, vyumba na miji. Haikunijia hata mara moja kwamba tungeweza kusogea sisi.

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shela. "Abaayo, wacha nikwambie ukweli. Mimi nilikuwa naogopa hiyo mpango yako. Nakaa kwa basi usiku mzima, miguu imevimba, halafu napanda treni siku hiyo hiyo? Na hiyo Dar nitaiona saa ngapi?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umechora na kalamu ya rangi," akasema.

Tulicheka wote wawili. Hata adhuhuri ilikuwa imejitengeneza yenyewe. Angeswali alfajiri chumbani, na ile ya mchana tukiwa tumeshafika Morogoro.

Likabaki jambo moja tu: fomu yangu ya likizo ilikuwa imeshatiwa sahihi, na mkubwa wangu ni mtu asiyependa kufungua faili mara mbili. Nilijiandalia maneno njia nzima. Nilipoingia, nikayasema yote kwa pumzi moja.

"Siku moja tu?" akauliza. Akakata tarehe, akaandika nyingine juu yake, akatia sahihi. "Funga mlango ukitoka, vumbi inaingia."

Nje niliketi kwenye ngazi kidogo.

Basi lilichelewa, kama nilivyotarajia. Tulifika Dar karibu saa tano, jua limewaka, na kuchelewa huko hakukutusumbua. Hatukuwa na pa kukimbilia. Tulioga, tukalala mchana kama watoto, tukaamka tukatembea polepole barabarani, yeye akinusa maziwa ya kila duka na kutikisa kichwa. Kesho yake tulikuwa stesheni kabla ya saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na nusu treni ikaondoka bila kelele, hata sikujua tumeanza kwenda mpaka nilipoona nguzo zikirudi nyuma.

Alikaa dirishani akitazama nje mpaka milima ya Morogoro ilipotokea, na chini yake nyasi ndefu, mbichi, kila upande. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Majani yote hii," akasema kwa uchungu wa kweli, "na hakuna hata ngamia moja?"

Abiria wa mbele aligeuka kutuangalia. Mimi nilikuwa nimeanza kucheka, na sikuweza kuacha.