Bawa la mdogo wangu lilijikunja juu ya Ubwari, na radio call nilikuwa nayo mimi

Wakuu, salaam kutoka Baraka, huku Fizi, Kivu Kusini.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ndiyo maana naandika hivi. Watu wa kwetu wakisoma watasema najifanya Mtanzania. Waseme tu.

Ninayoandika ni kweli tupu, na sitatia chumvi. Hata bila chumvi haimezeki.

Nyumbani tulizaliwa wavulana wawili, mimi na Ramazani. Mama alifariki tukiwa kambini. Tuliporudi Baraka, baba akarudi kwenye kazi yake ya zamani, kuvua kwa mshipi mchana, na sisi wawili ndani ya mtumbwi wake.

Sasa nielezeni wanaojua uvuvi kama nakosea. Sangala, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, akinasa, anavuta kwenda chini. Halafu kuna muda anageuka na kukimbilia mtumbwi, na mshipi unalegea ghafla mkononi. Ukiuacha umelegea, anatema ndoano na unabaki unaangalia maji.

Kwa hiyo baba alikuwa na neno moja tu. Ikilegea, vuta.

Na kwenye mtumbwi wetu, mdogo haulizi. Akisikia sauti ya mkubwa wake, anafanya kwanza, maswali ufukweni. Rama alilelewa hivyo tangu akiwa hajaota meno ya pili. Mara ngapi nimempigia kelele "vuta" na akavuta bila hata kugeuza shingo. Sihesabu.

Mshike hilo, litarudi.

Rama alipokua akaenda Kenya kutafuta maisha. Akapata kazi ya kupika kwenye kambi ya watu wanaoruka paragliding, yaani kuruka kutoka mlimani kwa bawa la kitambaa, huko kwenye mabonde yao. Alianza kwa kuwapikia, akaja kuwabebea mabegi, mwisho mwalimu wao akamfundisha. Miaka ikapita. Siku ya kurudi nyumbani mwalimu akampa bawa la zamani, kiti chake, kofia, radio call mbili na parashuti ya akiba.

Akaingia nalo Baraka kwa barabara ya Uvira. Kwenye kizuizi karibu na Mboko wanajeshi walifungua begi, wakatazama kile kitambaa, wakamuuliza hilo hema ni la watu wangapi. Rama akawajibu ni la mtu mmoja, tena halina mlango. Alikuwa hivyo, mdomo haukosi jibu.

Mlima alioupenda ni ule wa rasi ya Ubwari, upande unaotazama ghuba na Baraka. Tulikuwa tunavuka kwa boti yangu ya injini alfajiri, yeye anapanda, mimi nabaki majini na radio call ili akiangukia ziwani nimfikie. Akimaliza anatua ufukweni, tunakula ugali na ndagala, dagaa wa huku kwetu, tunarudi.

Kabla ya safari ya kwanza alinikalisha chini akaniambia kitu. Naandika kama alivyosema.

"Yaya, hii radio ni ya kuniambia mutumbwi iko wapi, basi. Mambo ya juu uniachie mwenyewe."

Yaya ndiyo tunavyomwita mkubwa. Nikamwambia sawa.

Aliruka vizuri asubuhi nyingi. Watu wa vijiji vya pale walizoea, wakina mama wanaoanika ndagala wakawa wanamwita jina lake akipita juu. Akaanza kuota kuleta wageni, mkewe apike pale ufukweni, yeye afundishe vijana. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Ndoto haikuwa mbaya, wakuu.

Ila huku kwetu huwezi kuanzisha kazi juu ya mlima wa watu bila chef, yaani chifu wa eneo, kuiona kwa macho yake. Hiyo ni heshima, na Rama aliikubali. Siku ikapangwa, ilikuwa kiangazi. Chef aje asubuhi, aone, atoe neno lake, kila mtu ale.

Asubuhi ikafika, chef hajafika. Alikuwa anasuluhisha kesi ya shamba. Saa nne bado. Saa sita bado. Watu wamejaa ufukweni, mbuzi yuko kwenye sufuria, Rama yuko juu na bawa lake limetandikwa kwenye nyasi.

Chef alifika baada ya swala ya adhuhuri.

Hapa nina dhambi yangu ya kwanza. Wakati wa kungoja nilikuwa nimeendesha boti hadi karibu na ncha ya rasi. Upande wa pili, kwenye ziwa kubwa, mawimbi yalikuwa yameshabadilika, yana vichwa vyeupe, na upepo unapanda mlima kutoka nyuma ya Rama. Mimi ni mvuvi, niliona. Kwenye ghuba kulikuwa shwari, nikajisemea yeye ndiye fundi wa upepo wa juu, na watu wamengoja sana. Nikanyamaza.

Akaniita kwenye radio. "Yaya, huku upepo inanikuja usoni, iko sawa. Nitaruka kidogo tu, nishuke."

Nikamwambia boti iko mbele ya jiwe kubwa. Kama tulivyokubaliana.

Mwalimu alinieleza baadaye kwamba ule wa usoni ulikuwa upepo wa uongo. Upepo mkali ukipita mgongo wa mlima unaangukia upande wa pili na kuvurugika, mwingine unajizungusha na kupanda tena, ukiwa pale unauona ni mzuri. Ukiruka ndani yake umeingia kwenye maji yanayochemka.

Akaruka. Watu wakashangilia. Chef akasimama.

Hakumaliza hata dakika tatu. Upande wa kulia wa bawa ukajikunja ghafla, karibu nusu nzima. Rama akavutwa kuelekea kulia, na nikaona kamba za upande ule zimelegea, zinachezacheza hewani.

Nikaziona zimelegea, wakuu.

Nikabonyeza radio nikapiga kelele, "Vuta! Vuta, Rama! Vuta!"

Bawa zima likarudi nyuma yake, halafu likamrukia mbele, likajisokota. Akaanza kuzunguka. Niliona kitu cheupe kinatoka, ilikuwa parashuti ya akiba, lakini maji yalikuwa karibu mno, haikupata muda wa kufunguka.

Nilimfikia haraka. Alikuwa na jaketi la kuelea, uso uko juu ya maji, kamba zimemzunguka miguu. Nikazikata kwa kisu cha samaki. Jamaa mmoja aliyekuwa nami kwenye boti akanisaidia kumwingiza.

Alikuwa hai. Macho yananitazama. Akasema maneno mawili tu.

"Yaya, nilivuta."

Nikamwambia nimeona, umefanya vizuri, tulia, tunaenda. Nikafungua injini kuelekea Baraka. Katikati ya ghuba akatuacha.

Tulimzika kesho yake. Kijana wangu, mdogo wangu, rafiki yangu. Nililia hadi nikaona aibu mbele ya watoto wangu, halafu aibu ikaisha nikaendelea.

Kwenye matanga nilikuwa nawasimulia watu lile neno lake la mwisho kwa namna ya kujifariji. Kwamba alipambana, hadi mwisho alinijulisha kwamba alijitahidi. Watu wanatikisa kichwa, wanasema kazi ya Mungu haina makosa.

Na kulikuwa na video. Yule jamaa wa kwenye boti alikuwa anarekodi. Ikasambaa kwenye magrupu ya Baraka, Fizi, hadi Kilembwe. Inasikika sauti yangu inapiga kelele vuta, vuta. Watu wakanipigia simu kunipongeza. Kwamba mimi ni kaka wa kweli, nilimpigania ndugu yangu hadi mwisho. Nikapokea hizo pongezi.

Baba hakuitazama. Alisema haitaki.

Baada ya arobaini nikamtumia yule mwalimu wa Kenya hiyo video. Nilitaka anieleze bawa lilikuwa na ubovu gani, maana lilikuwa la zamani. Kusema kweli nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na yeye ndiye aliyelitoa.

Akanipigia kesho yake. Akanipa pole ndefu. Nikamuuliza bawa. Akasema bawa lolote lingejikunja katika upepo ule. Nikamsumbua, nikamwambia kuna kitu ananificha. Ndipo akasema:

"Itazame tena. Usiangalie bawa, angalia mikono yake."

Nikaitazama. Upande wa kulia unajikunja. Mikono ya Rama inapanda juu, mwili wake unaegemea kushoto, upande ulio wazi. Kushoto anashika breki, ile kamba ya mkononi ya kuongozea bawa, kidogo tu, ili asigeuzwe. Ule upande uliojikunja unaanza kujaa hewa. Unafunguka, wakuu. Unaonekana kabisa unafunguka.

Halafu inasikika sauti yangu.

Na mikono yake yote miwili inashuka hadi kiunoni.

Mwalimu akanifafanulia, nami nawaandikia kwa yeyote atakayekutana na mchezo huu. Bawa likijikunja, mikono ile isiivute breki kwa nguvu, kwa sababu breki nyingi ndiyo inayoliua bawa lililobaki hai. Unaegemea upande ulio wazi na kutazama unakotaka kwenda, unashika breki kidogo ya upande huo, na mara nyingi lililojikunja linajifungua lenyewe. Likikataa, ukishanyooka ndipo unavuta breki ya upande ule taratibu na kuiachia. Ikishindikana na uko chini, au unazunguka, usijadiliane na mtu, tupa parashuti ya akiba mapema. Na juu ya yote usiruke nyuma ya mlima upepo unapotoka upande wa pili, hata chef awe amekuja na mbuzi ameiva.

Rama alijua yote hayo. Alikuwa anayafanya. Kamba iliyolegea ilikuwa mikononi mwa mtu anayejua iachwe, hadi aliposikia sauti ya mkubwa wake.

Lile neno lake la mwisho sasa nalisikia vingine. Alikuwa ananiambia kwamba alinitii.

Nilikaa na hilo wiki kadhaa. Kwa shemeji nilishindwa, anakaribia kujifungua. Mwisho nikamwendea baba, tukiwa wawili tu nyuma ya nyumba, anatengeneza ndoano zake. Nikamwambia yote. Nikamwambia mimi ndiye nilimuua Rama.

Akanyoosha mkono niweke simu. Akaitazama mara ya kwanza. Akasema, "Weka tena." Nikaweka. Mara ya tatu akafumba macho akasikiliza sauti tu. Kisha akanirudishia simu.

"Hiyo neno ni yangu," akasema. "Mi njo nilibafundisha." Yaani yeye ndiye aliyetufundisha.

Nikajaribu kumpinga, nikamwambia baba hapana, wewe ulifundisha samaki. Akanyanyua mkono ninyamaze, nami nikanyamaza, maana ndivyo tulivyolelewa.

Nilikwenda nitue mzigo, nikamwongezea mzee wake.

Wiki iliyopita tulitoka wote kuvua, baada ya muda mrefu. Sangala akanasa kwenye mshipi wake, mkubwa, mtumbwi ukainama. Akampigania. Halafu mshipi ukalegea. Nilimtazama baba, nikangoja. Mikono yake ilibaki palepale juu ya magoti, mshipi unaelea juu ya maji, hadi yule samaki alipoondoka. Tukakunja, tukapiga makasia, tukarudi.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia sana. Siku ile nilinyamaza kwenye jambo nililolijua, mawimbi ya nyuma ya rasi, nikapiga kelele kwenye jambo nisilolijua. Kama umeshikilia radio, au simu, au usukani wa maisha ya mdogo wako, na yeye ndiye fundi, mwambie boti iko wapi. Basi.

Shemeji amejifungua juzi, mtoto wa kiume. Ananiuliza kila siku Rama alisema nini mwisho, anataka amsimulie mwanawe akikua. Sijajua nimpe maneno yale mawili kama yalivyo, au na maana yake.

Waliowahi kumwumiza mtu wao kwa nia njema, naomba mniambie mnaishije nalo, na kama mliwahi kusema. Nitasoma kila comment.

Ila tafadhali, asiniandikie mtu kwamba nilifanya nilichoweza.