Dawa juu ya dawa: maji ya klorini yalivyofika kwenye bwawa la Mama Akinyi

Wakuu, salamu kutoka Homa Bay. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimebeba mizigo Isebania, nimelima tumbaku Uriri, na hadi leo harufu ya majani yale yakikaushwa hunivuta kurudi. Sasa niko kwenye hatchery ya samaki, tunatotoa vifaranga vya ngege, yaani tilapia.

Matangi tunaosha kwa klorini. Maji hayo huingia kwenye shimo, kisha tunatia thiosulphate, chembe nyeupe kama chumvi ya mawe, zinazomaliza ukali wake. Tunapima. Yasipogeuka pinki, yaani klorini imeisha, ndipo tunafungua geti ya kijito.

Huko chini kuna bwawa la Mama Akinyi, mjane, linalopata maji kutoka kijito hicho. Ndilo limemsomesha binti yake Akinyi hadi Form Three. Mama huyu ni shangazi yake Ochieng', mwenzangu wa zamu.

Siku hiyo nilikuwa mjini kuchukua chakula cha samaki. Ochieng' akafungua geti bila kutia chochote.

Si uvivu, wakuu. Alinieleza baadaye: "Omera, ndugu yangu, dawa juu ya dawa? Nilihurumia samaki wa shangazi. Nikaona moja inatosha."

Zote mbili tulikuwa tunaziita dawa. Kijaluo ndiyo balaa zaidi: yath ni dawa, na sumu pia ni yath.

Niliporudi, ngege walikuwa wameelea matumbo juu, bwawa zima. Mama Akinyi alisimama majini akiwaokota na kuwapanga kwenye karai, polepole, kama vyombo vya wageni.

"Mmemwaga nini?"

"Shangazi, ni dawa tu ya kuoshea matangi," Ochieng' akasema.

Akamtazama.

"Dawa. Haya, wamepona?"



Mwenye hatchery alimpa Mama Akinyi vifaranga vingine. Akakubali kwa sharti moja: kabla ya geti kufunguliwa, maji ya shimo yaletwe kwake kwa ndoo, na samaki wetu waogelee humo kwanza. Ochieng' ndiye huibeba. Yeye na shangazi yake hukaa pande mbili za ndoo, wakiwaangalia samaki.

Thiosulphate sasa tunaiita kizimio. Nilichojifunza ni kwamba maji yaliyoua vijidudu hayajui kuacha kuua. Lazima mtu ayazime, na ajue kwa nini.

Wenzangu wa zahanati, machinjio, swimming pool: yenu mnayazima, au mnafungua tu? Nawasikiliza.