Mama Ngazi: Mpokea simu aliyewaunganisha watoto viziwi na nyumbani

Kengele ya mapumziko katika shule hii hailii, inawaka. Taa nyekundu juu ya kila mlango wa darasa inamulika, milango inafunguka, na watoto wanamiminika nje wakizungumza kwa mikono kabla hata hawajavuka kizingiti. Wanapofika kwenye bweni jipya la wavulana wanapunguza mwendo na kuizunguka ngazi ya alumini iliyosimamishwa katikati ya njia. Juu yake yupo mwanamke wa makamo mwenye ovaroli ya buluu, meno yakiwa yameiuma bisibisi, mikono yote miwili darini.

Mtoto mmoja anapiga mguu wa ngazi kwa kiganja. Mwanamke anahisi mtikisiko na kutazama chini. Mtoto anauliza kitu kwa vidole. Kwa kuwa mdomo una bisibisi na mikono ina kazi, anajibiwa kwa nyusi tu. Anacheka, anakimbia kuwahi wenzake.

"Ameuliza kama bweni lao litapata mtandao leo," anaeleza mwanamke huyo akishuka. "Nimemwambia leo hii. Mimi sishuki kwenye ngazi nikaacha taa ya mtandao imezima."

Mtaani kwake, shuleni hapa na katika kila ofisi aliyowahi kutoboa dari, anajulikana kama Mama Ngazi. Jina hilo alipewa na mshona viatu wa njia panda, ambaye kila asubuhi alimwona akipita na ngazi begani.

"Kuna wageni wanaoniuliza Ngazi yuko darasa la ngapi," anasema. "Huwa nawajibu kwamba huyo hakusoma, lakini ndiye anayenilisha."

Kazi yake ni kufunga visambazaji vya mtandao usiotumia waya, yaani vile visanduku vyeupe vya duara vinavyobandikwa darini, ambavyo watu wengi huviita waifai na kuvikumbuka pale tu vinapogoma. Hiki cha bwenini kimeshapata kebo yake, waya mmoja unaokibebea mtandao na umeme kwa pamoja. Taa yake ya machungwa inapepesa kwa muda, kisha inatulia na kuwa kijani.

Mama Ngazi anageuza ndoo, anaikalia, anaweka kompyuta mpakato magotini. Jambo la kwanza anabadilisha nenosiri ambalo kisanduku kilitoka nalo kiwandani.

"Hilo la kiwandani dunia nzima inalijua," anasema bila kuinua macho. "Kuliacha ni kama kununua kufuli halafu ufunguo ukautundika mlangoni."

Kisha anaandika jina la mtandao, anatenganisha njia ya walimu na ya wanafunzi, anachagua chaneli ambayo mawimbi yatapitia, anashusha nguvu yake kidogo. Kwenye hili la kushusha nguvu anakawia, anajaribu, anarudia. Lina historia yake.

Mama Ngazi hakuzaliwa na ngazi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mpokea simu kwenye swichibodi ya kampuni moja kubwa, akimuunganisha kila aliyepiga na ofisi aliyoitaka, na sauti yake ndiyo iliyokuwa mlango wa kampuni hiyo. Wateja walimtambua kwa "habari za asubuhi" yake. Wapo waliopiga simu kuulizia bei na kuishia kumsimulia harusi za watoto wao.

Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja asiyeisikia sauti hiyo. Kitinda mimba wake aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa bado anajifunza kutembea. Alipona, lakini masikio yake hayakupona.

"Mchana kutwa naongea na watu nisiowajua, wananielewa," anakumbuka. "Jioni namkuta mwanangu mlangoni, sina hata neno. Tulianza kuelewana kwa kuonyeshana vitu. Kikombe. Kiatu. Mvua. Baadaye tukatunga alama zetu, za nyumba yetu tu."

Binti alipofikia umri wa kusoma, shule ya viziwi iliyokuwapo ilikuwa hii ya bweni, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Akapelekwa. Kila Jumapili mama alipiga simu, na kila Jumapili matroni wa wakati huo alimpa jibu lilelile: hajambo, anakula vizuri.

"Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mwanangu muhula mzima. Anakula."

Likizo moja binti alirudi amekonda. Kwa alama zake mpya za shuleni, akizirudia polepole ili mama azifuate, alieleza kwamba aliugua, alilazwa chumba cha wagonjwa, na alikuwa akimwita mama yake kwa mikono gizani. Mama Ngazi alipouliza lini, binti akamwonyesha kwenye kalenda. Jumapili mbili kati ya siku hizo alikuwa amepiga simu na kuambiwa hajambo.

"Sikumlaumu matroni," anasema. "Alikuwa na watoto wengi, na labda hakutaka kunitia hofu. Nilichojiuliza ni hiki: mimi maisha yangu yote nimeunganisha watu kwa simu, iweje nishindwe kuunganishwa na wa kwangu?"

Wakati huohuo kampuni ikang'oa swichibodi. Mahali pake ikawekwa mashine ya kuwaambia wateja wabonyeze moja au wabonyeze mbili. Mafundi walikuja kuvuta kebo mpya kwenye dari ya ofisi, na Mama Ngazi, ambaye tayari alikuwa amekabidhiwa barua ya kumshukuru na kumuaga, aliwatazama asubuhi nzima. Kisha akamwendea mkubwa wao na kumwomba amfundishe kazi.

"Nilimwambia, mama, kazi hii ni ya kupanda," anasimulia fundi mkuu huyo, mwanaume mrefu mwenye mzaha, ambaye mpaka leo hufanya naye kazi kubwakubwa. "Akanijibu kwamba yeye hakuja kuomba kiti, kwenye kiti amekaa miaka kumi na saba. Nikampa ngazi aishike, nikijua atachoka kabla ya chakula cha mchana. Mchana ulipofika, mimi ndiye niliyeomba tupumzike."

Alianza kwa kushika ngazi, akaja kubana vichwa vya waya, akaja kupanda. Mumewe, ambaye ni mpaka rangi na anaijua ngazi kuliko yeye, alimfundisha kuisimamisha isiteleze, na kumwonya asijinyooshe mbali kwa uvivu wa kushuka na kuihamisha.

"Ndani ya nyumba sasa tuna ngazi mbili na hatuazimani," anasema mume huyo. "Yake haina tone la rangi. Nikiigusa tu, nyumba haikaliki."

Alipojiona ameiva, alikuja kumwona mwalimu mkuu wa shule hii. Wakati huo mtandao ulikuwapo ofisini tu. Alichotaka ni kuusambaza hadi bwaloni, ili kila Jumapili watoto wazungumze na wazazi wao kwa simu ya picha, kwa lugha wanayoiweza.

Mwalimu mkuu hakufurahi. Anakiri mwenyewe, akitabasamu nyuma ya meza yake.

"Nilimwambia mtandao ni kisu. Kinakata kitunguu, kinakata na kidole. Akaniuliza, kwa hiyo mwalimu, jikoni kwako mnakula vitunguu vizima? Nikacheka. Ukishacheka, umeshashindwa."

Walikubaliana kwa masharti: saa maalumu, tovuti zisizofaa zifungwe, na mwalimu awepo. Vifaa vilitoka kwenye ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vyake. Fundi mkuu aliviomba badala ya kuviacha vitupwe. Bodi ya shule ilipendekeza vyote viwekwe bwaloni. Mama Ngazi akasisitiza kimoja kiende chumba cha wagonjwa. Mjumbe mmoja alimuuliza, mtoto mgonjwa anahitaji mtandao au dawa?

"Nilimjibu kwamba dawa ataandikiwa akishaeleza anaumwa wapi," anasema.

Jumapili ya kwanza haikwenda kama alivyopanga. Watoto walijaa bwaloni wamevaa nguo zao nzuri, wazazi kwao wakisubiri na simu mkononi. Picha ya kwanza ikatokea, ikaganda. Ya pili ikaganda. Kwa mtu anayesema kwa mikono, picha kuganda ni kukatwa ulimi katikati ya neno. Watoto wote wakageuka kumtazama yeye.

"Macho yale sitayasahau. Lakini mwanangu alikuwa miongoni mwao, nisingeweza kupiga chenga. Nilipanda juu ya benchi, nikawaambia kwa alama: kosa ni langu, nendeni mkale, mkirudi itafanya kazi."

Walipokula, yeye aliwasha kompyuta. Akaona visanduku vyote vya bwaloni viko kwenye chaneli moja, kila kimoja kikitoa mawimbi kwa nguvu zote. Alikuwa amevipandisha hivyo kwa makusudi, akiamini nguvu zaidi ni mtandao bora zaidi.

"Vilikuwa vinapigiana kelele," anaeleza. "Weka watu watatu wenye sauti kubwa kwenye chumba kimoja, wote waseme kwa pamoja, nani ataelewa nini? Nikakipa kila kimoja chaneli yake. Nikashusha nguvu. Vikaacha kugombana."

Watoto waliporudi, wa kwanza kuitwa alikuwa mvulana mdogo anayelelewa na bibi yake. Simu ikapokelewa, lakini kioo kikajaa kitu cha kahawia kisichoeleweka. Ikawachukua muda kutambua kwamba ni sikio. Bibi, kwa mazoea ya miaka, alikuwa ameiweka simu sikioni.

Bwalo zima likaangua kicheko. Upande wa pili mkono wa jirani ukaonekana ukiigeuza simu, na uso wa bibi ukatokea. Mvulana akasimama wima, akampungia, kisha akaanza kueleza habari zake kwa kasi ambayo hata walimu walishindwa kuifuata. Bibi hakujua lugha ya alama za shuleni. Alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, machozi yakimtoka, akirudia alama moja ya nyumbani kwao: nimekuona, nimekuona.

Jumapili iliyofuata ikawa zamu ya Mama Ngazi mwenyewe, akiwa sebuleni kwake. Binti alianza kwa kumwagiza arudi nyuma kwa sababu kinachoonekana ni pua tupu. Kisha akadai viatu vipya. Mama akakataa. Wakabishana mpaka muda ukaisha.

"Nilipozima simu mume wangu akaniuliza mbona unacheka na mmegombana. Nikamwambia ndiyo, tumegombana. Hatujawahi kugombana katikati ya muhula."

Faida ya kile kisanduku cha chumba cha wagonjwa ilionekana mwaka uliofuata. Matroni wa sasa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa na hajui alama zaidi ya salamu, aliletewa msichana aliyejikunja kwa maumivu. Ilikuwa Jumapili alasiri, walimu wengi wametoka.

"Alikuwa ananionyesha tumbo, nikadhani ni yale ya kila mwezi," anasimulia matroni. "Nikampa maji ya moto. Akawa anakataa, anarudia alama ileile, mimi simwelewi. Ndipo nikampigia mwalimu wake kwa picha, nikamwelekezea mtoto simu."

Mwalimu, akiwa kwake, aliuliza maswali kwa mikono na mtoto akajibu. Maumivu yalianzia kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, na kukanyaga mguu chini kulimuumiza zaidi. Mwalimu akamwambia matroni aite gari. Hospitalini msichana alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo jioni hiyo. Daktari alisema wangechelewa kidogo kingepasuka.

Msichana huyo leo yuko hapa shuleni, ni kiranja wa michezo. Anapomwona Mama Ngazi varandani anamsalimu kwa alama ambayo shule nzima imempa: mikono miwili inayopishana ikipanda hewani.

Habari ya upasuaji ule haikuishia getini. Hospitali yenyewe imemwita Mama Ngazi afunge visambazaji kwenye wodi ya wazazi na chumba cha dharura, ili mgonjwa kiziwi akifika bila mkalimani, mkalimani apatikane kwenye kioo. Kazi inaanza wiki ijayo. Ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kuzisimamia peke yake, na hana wasiwasi nayo.

"Kuta nene, mashine nyingi, watu hawalali," anazitaja shida zake kama mtu anayetaja majirani. "Nimeshapita kila korido na simu mkononi. Najua wapi mawimbi yatapita na wapi yatakwama."

Aliwahi kutumaini kwamba binti yake angemrithi. Binti, ambaye anamaliza shule mwaka huu, amemwambia wazi kwamba anataka kuwa mpiga picha na kwamba ngazi inamtia kizunguzungu. Mama amelimeza hilo. Badala yake amewachukua vijana wawili viziwi waliohitimu hapa, mwanamke na mwanaume, na amekuwa akiwafundisha kazi tangu mwanzo wa mwaka. Mpango wake ni kufungua karakana ambayo mafundi wake wote watatoka katika shule hii.

Ofisa mmoja wa hospitali, alipowaona vijana hao, alimvuta pembeni na kumuuliza kwa upole watapokeaje maelekezo kwenye korido ndefu vile.

Mama Ngazi anasimulia huku akikunja ngazi yake na kuiweka begani. "Nilimwambia, baba, ngoja nikianza kutoboa ukuta. Mashine ikishika kasi, wewe na mimi hatutasikiana hata tukisimama pua kwa pua. Mimi nitakuwa juu, wao watakuwa mwisho wa korido, nitawaomba kebo kwa mkono mmoja, nao wataileta."