Korongo Mweupe wa Ardis

Wivu ungekuwa kuni, jiko la Delores Wojcik lisingezimika mwaka mzima. Simsengenyi, ni binamu yangu na nampenda, lakini la kweli lisemwe.

Tulipokuwa wadogo, korongo wa kijivu walikuwa karibu kwisha Wisconsin hii, na jozi moja ilitaga kwenye kinamasi cha baba yake. Baada ya misa watu walikuja pale, wanaume wakavua kofia, wote wakinong'ona kama wako msibani. Mayai yalipoanguliwa, padri alitangaza kanisani. Delores akaitwa Binti Korongo, kichwa kikamvimba.

Korongo wakazaana. Sasa wanashuka shambani kwake makundi kwa makundi, wanang'oa miche ya mahindi ili wale punje iliyo chini. Waliovua kofia leo wanadai ruhusa ya kuwapiga risasi.

Ndipo korongo mweupe, wa aina ambayo wamebaki wachache, akatua kwa jirani yake, Ardis Thorsen. Mmoja tu! Magari yakajaa barabarani, watu wamebeba darubini na pai za tufaha. Delores alizitazama pai zile zikipita dirishani kwake, roho ikamuuma.

Basi akafanya ambalo hakuna mkulima wa huku angelifanya mwezi wa Mei, miche ikichipua: akamwaga mahindi makavu kando ya kinamasi, amvute yule mweupe. Walikuja wa kijivu. Walipomaliza ya bure, wakaingia shambani.

"Pole, jirani," Ardis akamwambia. "Hao wako wamezidi kama inzi. Wangu wala hanisumbui."

"Mmoja hasumbui," Delores akajibu. "Hata mkwe, akiwa mmoja."

Masika yaliyofuata, Ijumaa moja, tukiwa baa tunakula samaki wa kukaanga, Ardis akasimama. "Jamani, wangu kapata mwenzake! Wametaga!"

Makofi yakalia. Delores alikunja uso, halafu ghafla ukamkunjuka. Akainua bia yake juu.

"Mungu awape uzazi! Wazae, na wana wao wazae, mpaka shamba lako lote liwe jeupe, Ardis!"

"Amina!" baa nzima ikaitikia.

Ardis akamkumbatia huku akilia. "Shoga, sikujua unanipenda hivi."

Delores akaketi, akakamulia samaki wake limau.

"Umewasikia?" akaninong'oneza. "Amina wamesema wenyewe."